Treni Isiyo na Mkia

Kitu cha kwanza kuharibika kilikuwa kerupuk, chipsi za unga wa muhogo, za Mbah Sarinten.

Zilikuwa zimeanikwa kwenye nyungo, safu kwa safu, juu ya jukwaa la stesheni ya Wonokasih, nyeupe kama meno ya bandia, na jua la adhuhuri lilikuwa likizikausha taratibu. Stesheni yenyewe ilifungwa miaka arobaini na kitu iliyopita. Reli ziling'olewa, na zile zilizosahaulika zilimezwa na mihogo. Lakini katikati ya nyungo hizo alisimama Prasojo, mtu wa miaka hamsini, fundi cherehani wa sare za shule, kichwani amevaa kofia nyekundu ya mkuu wa stesheni aliyoishona mwenyewe, mkononi kibao cha kijani chenye mpini, akimsubiri rafiki yake Yuwono amalize kufuta kioo cha kamera.

Wote wawili walikuwa wanachama wa chama cha wapenda treni. Hao ni watu ambao ukifiwa watakuja matangani, watakupa pole, halafu watauliza marehemu alipendelea injini gani. Kila Jumapili walitafuta stesheni moja iliyokufa, wakaigiza kuondoka kwa treni na kuwarushia wenzao video. Ila Jumapili hii Prasojo alikuwa na haraka. Saa tisa watu wa posa walikuwa wanakuja kwa ajili ya Anggit, bintiye wa pekee, na jibu la posa hutolewa na baba. Alimuaga mkewe kwa kumwambia anakwenda kununua barafu.

"Barafu ya saa mbili hiyo, Mas Pras," alisema Yuwono, aliyemwita Mas kama mtu amwitavyo kaka yake. "Mkeo si mjinga."

"Anajua. Aliolewa na treni, mimi alipewa kama nyongeza. Haya, washa."

Prasojo akaweka kofia sawa, akanyanyua kibao cha kijani juu, akapuliza filimbi mpaka mashavu yakavimba. Kwa kawaida hapo ndipo walipoangua kicheko.

Honi ikajibu.

Haikuwa honi ya lori. Watu hawa wawili wangeweza kukutambulia honi ya injini wakiwa usingizini, na hii ilikuwa ya mvuke, ile inayoanza kwa kukohoa na kuishia kama mtu anayelia kwa mbali.

"Umeweka sauti kwenye simu," alisema Prasojo.

"Simu yangu ndiyo inayorekodi. Yako je?"

Ya Prasojo ilikuwa mfukoni, imezimwa mlio kwa sababu ya mkewe.

Ndipo nyungo zikaanza kutetemeka. Kerupuk za upande wa kushoto ziligongana kwanza, tik, tik, tik, zikafuata za katikati, kisha za kulia, kana kwamba kitu kizito kilikuwa kinapita mbele yao taratibu, gurudumu kwa gurudumu, pale penye mihogo ambayo haikutikisika hata jani. Harufu ya makaa ya mawe yaliyolowa ikawajaa puani. Masizi yakatua juu ya kerupuk, na zile nyeupe zikawa za kijivu.

"Nadhani tumepata video nzuri," alinong'ona Yuwono.

"Twende nyumbani."

Prasojo aliteremka mteremko wa mwisho wa jukwaa upande wa mashariki, akapiga hatua ya kwanza kwenye majani, na mguu wake ukatua kwenye saruji. Alikuwa anapanda jukwaa lile lile kutokea upande wa magharibi. Yuwono alikuwa tayari kwenye pikipiki.

"Acha maigizo, Mas. Posa."

Prasojo alishuka mara nne akapanda mara nne. Mara ya tano Yuwono alimshika ukosi wa shati akamvuta. Ukosi ukachanika, na fundi akabaki jukwaani akiutazama mshono wake kwa aibu. Akasoma Alhamdu kwa sauti, aya kwa aya, na alipofika mwisho, nyuma yake, kutoka urefu wote wa jukwaa, watu wengi waliitikia kwa pamoja, kwa upole kabisa: Amin.

Yuwono naye aliisikia. Ndiyo maana Mbah Sarinten alipotokea na ufagio alimkuta amekaa chini.

Mbah, kama wanavyoitwa mabibi huko, alikuwa mjane wa mkuu wa mwisho wa stesheni hiyo na bado aliishi katika chumba cha tiketi. Aliziangalia kerupuk zake, akaiangalia kofia nyekundu, akashusha ufagio.

"Nani kaipa treni ruhusa?"

"Mimi, Mbah," alisema Prasojo. "Ni mchezo tu."

"Uliuliza njia kwanza? Uliwauliza wa stesheni ya mbele kama njia iko wazi?"

"Mbele ni Sumberawu, Mbah. Siku hizi ni duka la soda na vocha."

"Kwa hiyo hukuuliza." Mbah aliketi juu ya ndoo. "Ofisi ilifunga njia hii kwa barua. Majini hawasomi barua. Wao wanaendelea kungoja mtu mwenye kofia awape ruhusa. Marehemu mume wangu aliipenda kofia yake mpaka akafa, lakini aliivalia jikoni. Hapa nje, kamwe. Na wewe umekuja na kofia, kibao, filimbi na mpiga picha."

"Nifanye nini? Saa tisa bintiye mtu, yaani binti yangu..."

"Aliyeiruhusu treni haondoki kazini mpaka apate habari kwamba imepokelewa mbele, yote, na mkia wake. Wewe si mpenda treni? Hujui sheria?"

Alijua. Angeweza kuisoma bila kutazama kitabu, na ndicho kilichomtisha.

Mbah aliingia ndani akatoka na kofia ya marehemu, nyekundu iliyofifia, yenye harufu ya kitunguu. Yuwono alikabidhiwa aende nayo Sumberawu, kilomita sita, asimame ukingoni, aipokee treni, aone kibao chekundu nyuma ya behewa la mwisho, ndio mkia, kisha apige simu. Aliondoka haraka mno kwa mtu aliyekuwa amekaa chini dakika moja kabla.

Simu ililia saa nane kasorobo.

"Nimefika, Mas. Jukwaa limebaki, liko nyuma ya duka, karibu na mapipa ya taka. Nimevaa kofia. Msichana wa duka ananishangaa. Mas. Inakuja."

"Unaiona?"

"Naiona. Mabehewa ya mbao. Madirisha ya kushusha."

"Daraja la tatu?"

"Hilo ndilo swali lako?"

"Nauliza tu."

"La tatu. Mas, nimeshahesabu themanini na moja, hakuna treni ya namna hiyo, hakuna stesheni kwenye kisiwa hiki inayoweza kuipokea, na bado yanakuja, na kila dirisha lina mtu, na kila mtu amegeuza uso upande wangu, wanachezesha midomo kama wanaouliza kitu, wote kitu kimoja, na nikirudi nyuma miguu inanileta hapa hapa ukingoni, Mas, nimejaribu, nimejaribu mara sita, mia na tatu sasa, mia na nne..."

Simu ikakatika. Prasojo alipiga tena, akapiga tena. Haikupatikana.

Na kerupuk hazikuacha kugongana. Tangu adhuhuri zilikuwa hazijaacha.

"Nilikuwa na tumaini kidogo," alisema Mbah. "Treni inayoondoka bila kuulizwa njia haina mkia. Itapita mpaka kiama."

"Basi natokaje?"

Bibi kizee akaificha mikono yake ndani ya kitambaa alichojifunga kiunoni. "Kuna kupokezana zamu. Nilikuwa sitaki kulisema, maana watu wakishalijua huanza kusalimiana kwa heshima nyingi mno. Anayekushika mkono anachukua zamu yako. Wewe unatoka, yeye anabaki. Usinitazame mimi."

"Yuwono hajui hili."

"Nani atamshika mkono kwenye mapipa ya taka? Pale dukani wanakuuliza vocha ya kiasi gani, basi."

Saa tisa kasoro dakika ishirini pikipiki ilisimama nje. Alikuwa Anggit, amevaa kebaya ya kijani, blauzi ya sherehe aliyoshonewa na baba yake, nywele zimefungwa, lipstiki imeanza kuyeyuka kwa jua.

"Nilijua tu," alisema akipanda mteremko. "Barafu iko wapi, Baba? Mama amesema nikikukuta na hiyo kofia niichome moto."

Prasojo akarudi nyuma hatua mbili. Hewa nyuma yake ilikuwa na joto la tanuri, na sasa aliweza kuyaona hata yeye, mabehewa yakipita polepole juu ya mihogo, dirisha baada ya dirisha, na nyuso zote zilizokuwa zimemtazama yeye tangu adhuhuri zikageuka pamoja kumtazama msichana, na sikioni kwake sauti ya mtu mzima mwenye adabu, yenye pumzi ya makaa, ikasema: Mkuu, zamu yako imekwisha. Mpe mkono.

"Rudi nyumbani, mwanangu. Nina kazi hapa."

"Kazi gani? Treni imechelewa miaka arobaini, itakusubiri." Alicheka. "Wageni wako njiani. Nisamehe nimekuja kwa hasira, nilikuwa hata sijakuamkia leo." Akanyoosha mkono wa kulia, kichwa kimeinama, tayari kuuchukua mkono wa baba yake na kuuweka kwenye paji la uso, kama alivyofanya kila siku tangu ajue kusimama.

Prasojo aliweka mikono nyuma.

"Baba?"

"Ina masizi."

"Nitanawa."

Mpe mkono, Mkuu. Mtoto mwenyewe anataka.

Maisha yake yote alikuwa amemchekesha mtoto huyu. Msibani, hospitalini, hata siku ya mtihani. Kwa hiyo aliposema jambo lolote Anggit alingoja mzaha wake, na hata sasa alikuwa anangoja, mkono umenyooka, tabasamu liko karibu. Prasojo akatambua kwamba akimpa mzaha mmoja tu, msichana hataondoka.

"Toka hapa," alisema. "Sitaki kukushika. Sitaki kukuona. Waambie hao wageni kwamba baba yako hayupo."

Anggit alingoja. Alingoja sana. Mzaha haukuja. Akaushusha mkono, akaufuta kwenye kebaya kana kwamba umechafuka, akashuka mteremko bila kugeuka, na pikipiki ikaondoka kuelekea barabara kuu ya Sumberawu, inayofika kwao.

Mbah Sarinten alimimina chai katika bilauri na kuisukuma jukwaani kwa mpini wa ufagio, mkono wake ukiwa mbali. Prasojo aliinywa akilia na hakujificha. Adhana ya alasiri ilisikika. Alihesabu kimoyomoyo: sasa anafika daraja, sasa amepita duka, sasa mama yake anamfuta machozi.

Simu ikalia. Yuwono.

"Mas, nimetoka!" Alikuwa anacheka na kuhema kwa pamoja. "Niko kando ya duka, nimekaa juu ya jiwe, miguu imenitii. Sijui hata imekuwaje. Nilikuwa nimekwishakata tamaa, betri nayo ilikuwa imekufa, huyu msichana wa duka ndiye amenichajia."

"Yuwono. Nani alikuja hapo?"

"Mwanao. Alikuwa anapita, akaiona pikipiki yangu, akaja nyuma kuniuliza kama nimegombana na wewe. Macho mekundu kabisa, lakini adabu zake, Mas, hongera kwako. Kaninyooshea mkono, kanisalimia vizuri kama mjomba wake."

Prasojo alisimama, akaenda mpaka ukingoni mwa jukwaa.

"Ila kuna kitu sielewi," Yuwono aliendelea, na kicheko kikaanza kupungua. "Kofia nilikuwa nimeivaa mimi. Sasa naiona kichwani kwake. Amesimama pale ukingoni, anatazama mabehewa. Mas, namwita, hageuki. Ongea naye wewe. Nampelekea simu, nimguse bega, au niseme nini?"

Prasojo aliruka kutoka jukwaani kwa nguvu zake zote. Alipotua, chini palikuwa na saruji ile ile.