Mwanamke Asiyekula

Bomba lilipasuka saa nne na robo asubuhi, siku ya mwisho ya kurudisha fomu za shule, wakati duka la chapa na fotokopi limejaa wazazi hadi mlangoni. Maji yaliruka kutoka ukutani, juu ya sinki dogo la kunawia mikono, yakaanza kuwanyeshea waliokuwa kwenye foleni. Watu walipiga yowe na kuinua vyeti vya kuzaliwa juu ya vichwa. Shangazi, mwenye duka, aliikimbilia printa mpya akaifunika kwa mwili wake, na mwili wake, Mungu amzidishie afya, ulitosha kabisa.

Kwenye kompyuta ya pili alikaa binti wa kaka yake, miwani puani. Wateja walimwita Bi Chapa, kwa sababu vidole vyake vilikimbia juu ya herufi huku yeye akipiga soga na mtu wa tatu kwenye foleni. Siku hiyo alivaa gauni la kijani na kitambaa cha manjano kichwani, na vyote viwili vilikuwa vimeshalowa.

"Valvu iko wapi?" mtu mmoja aliuliza kutoka kwenye foleni. Alikuwa mwanamume mrefu, wa miaka thelathini na kitu, katika shati jeupe lililopigwa pasi hadi likakaribia kusimama lenyewe.

"Ndiyo nini hiyo?" Bi Chapa alijibu kwa hasira za mtu anayelowa.

Mwanamume hakueleza. Alimwekea mikononi madaftari matatu yaliyofungwa kwa mpira. "Nishikie haya, dada. Tafadhali usisome." Kisha akalala chini na shati lake jeupe, akajipenyeza chini ya sinki.

Sasa wewe mwambie mtu asisome, halafu umwachie daftari! Bi Chapa hakuwa malaika. Maji yalipokoma, alikuwa ameshafika ukurasa wa tisa.

Mwanamume alitoka chini ya sinki akiwa na tope hadi kwenye nyusi. Alimtazama usoni mara moja tu. "Umesoma."

"Kidogo."

"Kidogo kiasi gani?"

"Mpaka pale anapozimia mara ya pili." Bi Chapa aliurudisha mpira mahali pake. "Kaka, samahani nikuulize. Huyu dada wa kwenye hadithi yako, huwa anakula?"

"Nini?"

"Tangu ukurasa wa kwanza hajatia kitu mdomoni. Amelia mara tano, amezimia mara mbili, amekimbia kwenye mvua bila viatu. Lazima azimie! Mpe hata kipande cha mkate."

Foleni nzima ikacheka. Fundi, maana kumbe alikuwa fundi bomba, alibaki ameduwaa. Kwa miaka saba alikuwa akiandika hadithi za mapenzi kila arudipo kazini, na hakuna aliyewahi kuzisoma isipokuwa wachapishaji, ambao walikuwa wamemkatalia mara tatu. Barua ya mwisho ilisema wahusika wake hawapumui. Alikuwa ameapa kwamba hadithi hii ndiyo ya mwisho kuipeleka. Wakiikataa na hii, madaftari yote yatakuwa ya kufungia spana. Na huyu mwanamke aliyelowa, ndani ya dakika kumi, alikuwa amemwambia kwa nini hawapumui. Alicheka, na alipocheka tope lilimwingia jichoni.

"Utanichapia?" aliuliza, akijifuta.

"Atakuchapia," Shangazi alijibu kutoka juu ya printa, "mpaka kitabu kiishe, na hutatoa hata senti. Umeniokolea mtoto wangu huyu." Akaipapasa printa.

Basi ikawa kila Jumatano, saa ya chakula cha mchana, Fundi analeta daftari. Siku nyingine alipiga simu kutoka kwenye paa za watu, upepo ukivuma sikioni.

"Bi Chapa wangu, umefika wapi?"

"Nimekuwa wako tangu lini? Sura ya sita. Mwanamume wako amemwahidi binti wa watu mwezi."

"Si vizuri?"

"Auweke wapi, Fundi? Umeandika wana chumba kimoja."

"Basi nyota."

"Nyota ngapi? Maana na kabati umelisahau, nguo zao zote ziko kitandani."

Fundi alicheka hadi karibu aangushe koki. Siku hizo alikuwa akipanda ngazi akiimba, na mafundi wenzake wakimtazama kwa jicho la pembeni.

Mtu huyu aliyemwaga maneno matamu kwenye daftari, mdomoni hakuwa nayo hata moja. Ila Jumatano moja Bi Chapa alitoka kununua ndizi, na aliporudi, kiti chake kilichokuwa kinayumba kwa miaka miwili kilikuwa kimetulia tuli. Hakuna aliyesema kitu. Tena, Fundi alipenda kusimama upande wa kushoto wa mlango, akijifanya anatazama barabara, na wiki kadhaa zilipita kabla Bi Chapa hajang'amua kuwa anamkingia jua lisipige kwenye kioo cha kompyuta. Siku alipong'amua hilo, alichapa mstari mmoja mara tatu. Alimpenda. Hapakuwa na haja ya kuzungukazunguka.

Na kwa sababu alimpenda, alifanya kosa.

Lilianza na kipande cha mkate. Alikuwa anachapa sura ya pili, dada yule amekaa dirishani analia, na vidole vyenyewe, bila kuomba ruhusa, vikamletea mkate na chai. Dada akala. Akawa mtu. Baada ya hapo Bi Chapa hakuweza kujizuia. Alimpa viatu vinavyobana, mama anayepiga simu wakati mbaya, na kicheko kinachomtoka mahali pasipofaa. Mwanamume wa kwenye hadithi hakumgusa, lakini yule dada alimwongezea sentensi arobaini na tatu. Kila Jumatano alisema leo nitamwambia, na kila Jumatano Fundi aliingia na uso wake wa furaha na yeye akameza maneno. Kitabu kikafungwa kwenye bahasha bila Fundi kukisoma tena, kikaenda kwa mchapishaji.

Wiki ya tatu simu ikalia, Fundi yuko juu ya tangi la maji.

"Mimi ni mhariri," ilisema sauti ya mama mtu mzima. "Huyu dada wa kwenye kitabu chako nimempenda! Pale anapomwambia bwana, 'Nisubiri nimalize kula kwanza, mapenzi hayapoi, chakula kinapoa,' nimecheka peke yangu ofisini mpaka wamekuja kunichungulia. Ila mwanamume, samahani mwanangu, simwamini. Maneno mengi. Nitengenezee huyo, hasa sura ya mwisho anapoposa. Ukiniletea kabla ya mwezi kuisha, kitabu tunachapisha."

Kwa miaka saba Fundi alikuwa ameingojea simu hiyo. Alishuka ngazi taratibu, akijaribu kukumbuka ni lini aliandika habari ya chakula kupoa.

Alifika dukani na ovaroli lake la bluu, hakusimama kwenye foleni. "Chakula kinapoa," alisema.

Bi Chapa aliinuka kitini. "Fundi, nilitaka kukwambia."

"Lini? Wakishachapa?"

"Nilijua ukikataliwa tena utaacha. Sikutaka uache."

"Kwa hiyo ukaniandikia." Sauti yake ilikuwa ya chini, na hiyo ndiyo iliyomkata maini Bi Chapa, maana angepiga kelele ingekuwa nafuu. "Mimi nakesha na kalamu, wewe unanihurumia. Wamekipenda kitabu, na walichokipenda si changu. Nilidhani angalau wewe unapenda ninachoandika."

Akatoka. Shangazi alishusha pumzi, akatikisa kichwa. "Maji yakimwagika hayazoleki, mwanangu."

Bi Chapa alipiga simu siku hiyo mara nne, ikaita hadi ikakata. Siku ya pili alichoka kulia, akakaa kwenye kiti kisichoyumba akawasha kompyuta. Siku ya tatu alivaa gauni lilelile la kijani, akaenda kwenye majengo mapya nyuma ya soko, ambako Fundi alikuwa na kazi ya mwezi mzima. Alipanda ngazi hadi ghorofa ya tatu. Katika jiko lisilo na mlango aliikuta miguu miwili imechomoza chini ya sinki.

"Fundi."

"Nimejua ni wewe tangu ngazini," sauti ilitoka chini. "Kiatu chako cha kushoto kinaburuza."

"Usitoke. Ukinitazama nitashindwa kusema." Alivuta pumzi. "Nimeleta nakala mbili. Moja ni yako, neno kwa neno kama ulivyoandika. Ya pili ina sentensi zangu, nimezipigia mstari mwekundu zote arobaini na tatu. Uchague mwenyewe nakala unayoitaka. Kosa langu ni kwamba sikukuuliza. Kilikuwa kitabu chako, nikaingia bila hodi. Si kwamba niliyoyatia yalikuwa mabaya."

"Unaomba radhi au unajisifu?"

"Vyote viwili. Nimejaribu kuvitenganisha, nimeshindwa."

Tone moja la maji lilianguka kwenye ndoo, kisha la pili.

"Yule dada ni wewe," Fundi alisema.

"Hakuwepo mwingine karibu."

"Na yule mwanamume? Mbona hukumgusa?"

Bi Chapa alivitazama viatu vya Fundi vyenye saruji. Ni rahisi zaidi kusema kweli mbele ya viatu. "Kwa sababu mwanamume ninayempenda mimi haongei hivyo. Huyo wako anagawa mwezi na nyota. Wangu alinitengenezea kiti akanyamaza. Alisimama juani ili mimi nione kazi yangu. Huyo sikuwa na haki ya kumwandika, nilikuwa namngoja ajiandike mwenyewe."

Spana ikaanguka sakafuni. Miguu haikusogea.

"Weka karatasi pale pakavu," Fundi alisema. "Nina koki mbili bado."

Bi Chapa aliziweka dirishani, akashuka, na kiatu chake kikaburuza ngazi zote tatu. Hakujua kama amesamehewa. Alihesabu siku tisa. Simu yake aliiweka kando ya kompyuta uso juu, akaitazama hadi Shangazi akasema, "Hebu iache ipumue, itapasuka."

Siku ya kumi ilikuwa siku ya mwisho ya mwezi. Duka lilijaa tena, safari hii watu wa barua za maombi ya kazi. Bi Chapa aliinua macho akaliona shati jeupe lililopigwa pasi, mtu wa saba kwenye foleni, limetulia linangoja zamu kama wengine. Kuanzia hapo alikosea majina ya watu sita.

"Kumbe tunaonana, baba?" Shangazi alisema kwa sauti ya kusikika. "Nilidhani maji yameshamwagika."

"Yalimwagika, Shangazi. Lakini waliosema hayazoleki hawakuwa mafundi bomba."

Aliweka daftari moja mezani. "Sura ya mwisho. Mhariri anaitaka leo kabla ya saa kumi. Ichape kama ilivyo. Usibadilishe hata nukta."

"Sibadilishi."

"Unaahidi?"

"Fundi, kuna watu nyuma yako."

Akaanza kuchapa. Mwanamume wa kwenye hadithi alikuja nyumbani kwa yule dada bila mwezi, bila nyota, ameshika sanduku la spana kwa mikono miwili kwa sababu hakujua mikono aiweke wapi. Akasema: *Maneno yote niliyokuwa nakwambia niliyatoa vitabuni. Yangu ni machache. Kazi yangu ni kulala chini ya masinki ya watu, na huko chini nasikia hatua zinapita, na hakuna hata moja inayonihusu. Ila zako nazijua tangu ngazini. Nataka nizeeke katika nyumba ambayo hatua nitakazozisikia ni zako. Naomba nikuoe.*

Vidole vya Bi Chapa vilisimama. Hakuwa amevisimamisha wakati wa kazi tangu aanze kazi. Akafunua ukurasa. Chini kabisa, kwa mwandiko wa Fundi mwenyewe, ulioinama kidogo kulia, dada yule alijibu: *Nisubiri nimalize kula kwanza.*

Ilikuwa sentensi yake. Kati ya zote arobaini na tatu, hii ndiyo aliyoinakili kwa mkono wake. Na baada ya hapo daftari lilikuwa jeupe.

"Kitabu kinaishia hapa?" aliuliza bila kuinua uso. "Hajamjibu."

"Anakula."

"Wasomaji watataka kujua."

"Hata mimi," Fundi alisema. "Ila safari hii sitamwandikia jibu mtu bila kumuuliza. Nimeona linavyouma."

Foleni ilikuwa kimya. Hata mashine ya fotokopi ilikuwa imenyamaza, kwa kuwa Shangazi alikuwa ameizima makusudi.

"Dada, mjibu mwenzio," mama mmoja alisema kutoka nyuma, "barua yangu wanaipokea mwisho saa nane!"

Bi Chapa alivua miwani, akaifuta kwa ncha ya kitambaa chake, akairudisha. Alichapa nukta ya mwisho pale ilipoandikwa, wala hakuongeza kitu. Kisha akamtazama yule mtu aliyesimama mbele yake, mikono haijui pa kukaa, na machozi yakamtoka huku anacheka, mahali pasipofaa, mbele ya watu wote.

"Mimi, Fundi," alisema, "nimeshakula."