Simu ya Khairat Iko Wapi?

Gari la baba yake Hafiz lilikuwa limeshaanza kuondoka Khairat alipoligonga kioo kwa kiganja.

"Hafiz! Hebu nipe simu yako!"

"We vipi? Sisi tunakwenda Paje, harusini!"

"Nendeni, lakini simu ibaki. Muzdalifa hajapata hata somo moja tangu Jumatano, na mtihani kesho kutwa!"

Muzdalifa, mwenzao wa darasa la sita, alikuwa amefungiwa ndani kwa tetekuwanga. Mwalimu Machano aliwawekea programu inayopitisha masomo kutoka simu moja hadi nyingine bila intaneti. Hakuna simu iliyo bosi. Kila moja hupokea na kumpa jirani. Masomo yalianzia kwa Hafiz, yakaja kwa Khairat, yakaenda kwa Usi, ndipo yafike kwa Muzdalifa. Nyumba zao za Mkunazini zina kuta nene, lakini madirisha yanatazamana juu ya vichochoro. Kwa hiyo sharti lilikuwa moja tu: kila alasiri simu ikae dirishani.

Baba akapiga honi. Hafiz akamtupia Khairat simu, gari likaenda zake. Khairat akampa bibi yake Hafiz, naye akaiweka dirishani kwao. Wapi! Muzdalifa akachungulia kutoka ghorofa ya tatu, akatikisa kichwa.

"Basi ni wewe, Usi," Khairat akafoka. "Simu yako kimeo."

"Kimeo mwenyewe! Nimeizima na kuiwasha mara sita. Nimefuta picha zangu zote za mpira ili ipate nafasi. Unataka niichemshe?"

Mwalimu Machano alikuwa anatoka msikitini, akawakuta barazani wanazozana.

"Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba. Mtaa mzima unawasikia. Leteni simu hizo."

Akaziweka simu ya Hafiz na ya Usi pamoja. Masomo yakapita papo hapo.

"Hizi nzima. Khairat, yako iko wapi?"

"Dirishani, Mwalimu."

"Sikukuuliza inatakiwa iwe wapi. Iko wapi?"

Khairat akatazama ndara zake. "Ndani ya kasha la bibi yangu. Lakini kasha lenyewe liko chini ya dirisha! Mdogo wangu akiiona tu, anamaliza chaji."

"Kasha lile lililopigwa bati ndani?"

"Naam."

Usi akajishika kichwa. "Siku nne! Na picha nshafuta!"

Simu ikatolewa kashani, ikawekwa dirishani, na zile mbili zikarudishwa kwenye madirisha yao. Hazikupita dakika mbili, Muzdalifa akapiga kelele juu: "Yanaingia!"

"Si ningempelekea kwa miguu tu?" Usi akanung'unika.

"Leo ungempelekea. Na kesho?" Mwalimu akamgeukia Khairat. "Bati halipitishi mawimbi ya simu. Hilo hukulijua, sikulaumu. Lakini ungesema 'kashani' siku ya kwanza, tungemaliza siku ya kwanza. Tukitafuta palipokatika, kila mtu aseme kilichopo kwake hasa, hata kama kinamwaibisha. Na aanze kukagua kwake kabla hajamlaumu mwenzake."

Muzdalifa alipona, akafanya mtihani, akapata alama hamsini na nane, chini ya kawaida yake. Hafiz alikaa Paje siku mbili bila simu. Khairat aliwaomba radhi wote watatu. Muzdalifa alikubali siku ile ile, Hafiz baada ya wiki. Picha za Usi hazikurudi. Bibi yake Khairat alilifunga kasha, na ufunguo anao yeye.