Pikipiki Chini ya Turubai

"Simama! Nakuomba, simama!"

Mkunga alijikuta katikati ya barabara, mkate bado uko mkononi, bila kujua ameshukaje kutoka kwenye kibaraza cha duka. Pikipiki ya rangi ya samawati ilifunga breki, ikayumba, ikasimama karibu kabisa na miguu yake.

"Wewe dada, una wazimu?" alifoka mwendeshaji huku akivua helmeti nyekundu. Alikuwa mwanamke wa makamo. "Ningekugonga ningewaambia nini watu?"

"Samahani. Lakini usiizime."

"Nisizime nini?"

"Injini. Nataka kuisikiliza."

Mwanamke yule alimtazama kama mtu anayetafuta jamaa za mgonjwa. Hata hivyo hakuizima. Injini iliendelea kunguruma taratibu. Tu-tu-tu, kimya kidogo. Tu-tu-tu, kimya kidogo. Ilikuwa kama mzee anayesafisha koo kabla ya kusema jambo.

Kusikiliza ndiyo kazi ya Mkunga. Kila siku huinamia matumbo ya kina mama na kuutenga moyo wa mtoto na moyo wa mama. Lakini mlio huu hakujifunza chuoni. Aliujua kabla hajajua kusoma. Kila jioni ya utoto wake ulimwambia kwamba Baba amerudi.

"Nani amekutengenezea?" aliuliza.

"Kwani humjui? Yule kijana wa pikipiki za kale, mwenye karakana nyuma ya nyumba yake. Fundi kwelikweli! Hii ilikuwa ya babu yangu. Ililala bandani mpaka kuku wakafanya kiti chake kiota. Injini ilikuwa imekufa kabisa, basi akanitafutia nyingine."

"Aliipata wapi?"

"Alisema kwa mzee mmoja ambaye hakuwa na haja nayo tena."

Mkunga aliinama kuitazama injini. Kisha akauliza, "Na huko kukohoa kwake?"

"Hata mimi nilimuuliza. Akasema za zamani zote ndivyo zilivyo."

Mkunga alipiga magoti barabarani na sare yake nyeupe. Upande wa kushoto wa silinda, kati ya mapezi ya kupozea, yale mabamba membamba yanayoizunguka, pezi moja lilikuwa limemeguka pembeni. Alilimegua mwenyewe kwa nyundo alipokuwa mtoto, siku aliyoamua kumsaidia Baba kazi. Baba alicheka mpaka akakaa chini. Hakukubali kamwe pezi lile lisawazishwe.

"Dada, unalia?"

"Ni moshi tu."

"Mbona haitoi moshi?"

Mkunga alisimama, akajipangusa magoti. "Naomba uniuzie."

"Umechelewa, mdogo wangu. Imeshauzwa ng'ambo, na kesho asubuhi inaingia kwenye kontena. Nilikuwa naizungusha mtaani kuiaga." Mwanamke yule alishusha sauti. "Kuna nini? Niambie."

Mkunga alimwambia. Mwenye helmeti nyekundu alisikiliza hadi mwisho, kisha akaweka kiganja juu ya tangi kana kwamba limekuwa la moto ghafla.

"Mimi sikujua, wallahi. Na saini nimeshaweka. Si yangu tena."

"Najua. Nipe namba yako ya simu."

Njiani kuelekea karakana, Mkunga alimwandikia ujumbe mchumba wake, fundi yule yule.

"Mpenzi, injini ya Baba imefikia wapi?"

Jibu halikukawia.

"Tulia mpenzi. Nimeifungua, iko mezani hapa mbele yangu. Inasubiri pistoni tu. Jumamosi utaisikia."

Jumamosi ilikuwa siku ya harusi yao.

Pikipiki ya Baba ndiyo iliyowakutanisha. Fundi alibisha hodi siku moja akiomba aione ile pikipiki ya kale iliyolala kwenye banda la uani. Wengi walikuwa wamekuja kutaka kuinunua, na Baba aliwafukuza wote. Huyu hakutaja kununua. Alichuchumaa, akafuta vumbi kwa shati lake mwenyewe, akasema, "Mzee, huyu hajafa. Amelala." Baba, ambaye macho yake yalikuwa yameanza kupoteza nuru, alimpenda papo hapo. Mkunga alihitaji muda kidogo zaidi, lakini si mwingi.

Fundi alipokuja kuposa, Baba alitoa sharti moja. Alilitoa akicheka, lakini hakuwa akitania.

"Pikipiki hii ilimpeleka mama yake hospitali, huyu akazaliwa. Utamchukua siku nitakayoisikia ikinguruma."

"Utaisikia, Mzee," alisema Fundi, akaihamishia karakana yake.

Mkunga naye aliomba lake. Alimwambia Fundi asiuondoe ule mkatiko kwenye mlio. Fundi alishangaa. "Huo ni ugonjwa, mpenzi. Nikirekebisha kabureta unapona." Mkunga akajibu, "Huo si ugonjwa. Hiyo ni sauti ya nyumbani kwetu." Fundi akaahidi kuuacha. Ahadi hiyo aliitimiza.

Sasa Baba haoni kabisa. Miguu imemvimba, na akilala chali pumzi humkatika. Mkunga hakuhitaji daktari kumfafanulia maana yake.

Karakana ilinuka grisi na rangi mbichi. Spana zilining'inia ukutani kwa mpangilio wa ukubwa. Fundi alikuwa ameinamia gurudumu, akilipiga msasa. Aliinua kichwa, akatabasamu.

"Bibi harusi mwenyewe! Umeniletea mkate?"

"Injini iko wapi?"

Meza ilikuwa na kikombe cha chai na redio ndogo. Fundi aliitazama meza, akamtazama Mkunga.

"Nimeirudisha chini ya turubai. Vumbi, unajua."

"Nifunulie."

"Aa, mpenzi. Sheria ya karakana unaijua. Kazi haifunuliwi mpaka iishe. Hata wateja wangu huwa..."

"Mimi si mteja."

Pembeni, chini ya turubai la kijani, kulikuwa na umbo la pikipiki. Lilikuwa hapo mwaka mzima. Wakati Baba bado anaweza kutembea, Mkunga alikuwa akimleta hapa kila wiki. Baba alikuwa akipapasa juu ya turubai: usukani, tangi, kiti, injini. Alikuwa akiita kila kitu kwa jina lake, kisha akisema, "Ananenepa, huyu."

Mkunga alishika pindo la turubai.

"Usifanye hivyo," alisema Fundi. "Nakusihi."

Alilivuta. Tangi lilikuwa pale, limepakwa rangi ya kijani iliyokoza, na mstari wa dhahabu umenyooka ajabu. Usukani ulimetameta. Hakukuwa na kingine cha pikipiki. Gurudumu la mbele lilikuwa la baiskeli. Kiti kilikuwa mto wa sofa uliofungwa kamba. Mahali pa injini palikuwa na debe la oili lililozungushiwa magunia, ili mtu akilipapasa juu ya turubai asigundue.

Mkunga aliligusa lile debe.

"Hili ndilo Baba alikuwa akilisalimia?"

Fundi alifunika uso kwa mikono yenye grisi. "Niliazima tu."

"Uliazima kwa nani? Ulimwomba nani?"

"Nilidhani nitapata nyingine kabla ya harusi. Nimetafuta kila mahali. Za aina hiyo hazipo tena."

"Ulijua hazipo ndiyo sababu ukaichukua."

"Maonyesho ya pikipiki za kale yalikuwa yamekaribia. Pikipiki ya mama mmoja, mteja wangu, ilikuwa na kila kitu isipokuwa moyo. Na ya Mzee ilikuwa na moyo tu, mwili wote umeoza. Nilikuwa nimeshaiamsha, nikasema niifunge kwake kwa siku moja. Nishinde, nijulikane, kisha niing'oe." Alimeza mate. "Ikashinda. Mama wa watu akanikumbatia akilia. Nikashindwa kumwambia."

"Na mimi, ulishindwa kuniambia mara ngapi?"

Fundi aliokota msasa, akauweka tena.

"Uliiamsha lini?"

"Zamani. Mwanzo kabisa."

Mkunga alikaa juu ya kreti. Jambo hilo lilimchoma kuliko debe. Injini ilikuwa imenguruma ndani ya karakana hii wakati Baba bado ana miguu ya kumleta. Ingetosha kumpigia simu.

"Kwa nini hukutuita?"

"Nilitaka Mzee aisikie ikiwa nzima, imependeza."

"Mtu asiyeona ulitaka kumpendezesha kwa rangi?"

Redio iliendelea kuongea peke yake. Fundi alisogea, akachuchumaa mbele yake, vilevile alivyochuchumaa siku ile bandani.

"Sikiliza, mpenzi. Bado tuna njia. Ninayo injini nyingine pale, inakaribiana kwa ukubwa. Nikiichezea kabureta, nitaifanya ikohoe vilevile. Tu-tu-tu, kimya. Mzee haoni. Hatajua."

Mkunga alimtazama. Alikuwa amekuja na hasira, na ndani ya hasira hiyo mlikuwa bado na mlango wazi. Alitaka Fundi aseme neno ambalo lingemruhusu asiufunge.

"Na mimi je?" aliuliza. "Mimi ninaona."

"Nakupenda. Hilo si uongo."

"Nalijua hilo. Ndiyo maana nashindwa kusimama."

Hata hivyo alisimama. Alilirudisha turubai, akalinyoosha pindo kama anayemfunika mtoto, akatoka. Mkate aliusahau juu ya kreti.

Nje alipiga simu.

"Haloo? Ni mimi, wa barabarani."

"Najua, mdogo wangu. Tangu uniache sijala kitu."

"Nina ombi moja. Naomba uipitishe mbele ya nyumba yetu. Mara moja tu, Baba aisikie."

"Nitapita. Hata mara kumi nitapita."

"Mara moja. Wala usisimame."

"Kwa nini nisisimame?"

"Ukisimama ataomba kuipapasa. Mwili wa pikipiki yake anaujua wote. Atajua si yake."

Yule mwanamke akasema, "Haya. Sitasimama."

Alasiri hiyo Baba alikuwa barazani, miguu yake ikiwa juu ya stuli. Mkunga alimwekea mto mgongoni.

"Umechelewa leo," alisema Baba. "Umekuja na mkate?"

"Nimeusahau, Baba."

"Mapenzi hayo. Mama yako naye wiki ya harusi alitia chumvi kwenye chai." Alicheka, cheko likamkatikia kifuani, akangoja pumzi imrudie. "Kijana wako anasemaje? Au Jumamosi nitasikia matarumbeta tu?"

Mkunga alikuwa ameyapanga maneno tangu njiani. Baba, hakuna harusi. Baba, pikipiki haipo. Alifungua kinywa.

Mlio ukaja kutoka kona ya mtaa.

Tu-tu-tu, kimya kidogo. Tu-tu-tu, kimya kidogo.

Baba aliushika mkono wa kiti. Uso wake wote uligeukia barabarani, na macho yake yasiyoona yalifunguka.

"Ni yeye," alinong'ona. "Mwanangu, ni yeye!"

"Ndiyo, Baba. Ni yeye."

"Umemsikia anavyokohoa? Hajauondoa ule mkatiko! Fundi mwingine angeuondoa, akajiona hodari. Huyu ameuacha." Machozi yalimtiririka mpaka kwenye ndevu. "Nilikuwa na wasiwasi naye, nikwambie ukweli. Amekaa nayo mno. Nikajiambia, huyu ananizungusha. Mungu anisamehe. Mwanangu, olewa naye. Mtu anayetunza hata kasoro ya kitu cha mwenzake, huyo hatakutupa."

Mwenye helmeti nyekundu alipita mbele ya lango, mgongo umenyooka. Hakutazama kando.

Mlio ulipita nyumba. Ukaanza kupungua.

Baba aliinua kichwa. "Mbona haisimami?"

"Anaijaribu kwanza, Baba."

"Aje anisalimie. Nimpapase kidogo."

"Atakuja."

"Mbona anakwenda mbali hivyo?"

"Tulia, Baba," alisema Mkunga. Alilisikia neno hilo likitoka kinywani mwake, akalitambua lilikotoka. "Tulia. Atarudi."

Mlio ulififia kwenye kelele za mtaa, mpaka ukabaki masikioni mwa watu wawili tu, kisha hata humo ukatoka. Mkunga alitoa simu, akaandika.

"Baba ameisikia, na ametupa baraka zake. Jumamosi usije. Wala siku nyingine."

Simu ilianza kuita hapo hapo. Aliizima.

"Nani huyo?" aliuliza Baba.

"Watu wa kazini."

"Waambie leo huendi popote. Leo tuna mgeni." Baba alipapasa hewani mpaka akaupata mkono wake, akamvuta. "Keti hapa. Nyamaza, usikilize nami. Masikio yangu siku hizi si ya kuaminika. Akirudi, wewe ndiye utakayemsikia kwanza."

Mkunga aliketi sakafuni, kando ya miguu iliyovimba. Walinyamaza wote wawili, nyuso zao zikielekea barabarani, wakasikiliza.