Azimio la Kutomsemesha Povu

Sogeeni, wenzangu, niwaeleze ya nyumba moja yenye vyumba viwili, ua na kamba ya kuanikia, kabla hayajahamia kwenu.

Humo walikaa mtu na mdogo wake, wajane wote, wastaafu wote. Maisha yao ya kazi yaliishia kwenye chumba cha kufulia cha hospitali ya serikali. Mkubwa alikuwa mwenyekiti wa wastaafu katika chama cha wafanyakazi, na hata muuza mkaa alimwita Mwenyekiti. Mdogo aliitwa Povu, kwa kuwa alikuwa mwepesi wa kucheka na mwepesi wa kuchemka. Kila asubuhi walikunja mashuka kama walivyozoea kazini: huyu pembe mbili, yule pembe mbili, wanavuta, wanakutana katikati. Wakikutana, Povu humkonyeza dada yake.

Wafuaji vijana wakagoma. Mvuke uliwaunguza na glavu hakuna. Wastaafu wakaitwa wasimame nao langoni, wakaenda na magoti yao mabovu, Mwenyekiti mbele na kipaza sauti. Haki ilikuwa yao, sikatai. Lakini mgomo ulipokolea, Povu akasikia kwamba wazazi wodini wanalalia mashuka yenye damu ya wenzao. Akapitia mlango wa nyuma, akafua ya wodi ile tu, akatoka mikono imechubuka.

Wastaafu wakakutana. Mzee Bomba, aliyekuwa mtu wa boila, ule mtambo wa mvuke, akasema msaliti ni msaliti hata akishika sabuni. Likaletwa azimio: Povu asisemeshwe na mwanachama yeyote mpaka asimame mkutanoni aombe radhi. Wengi waliinamisha vichwa, wakiomba moyoni Mwenyekiti aahirishe jambo lile. Yeye, asije akaambiwa anambeba ndugu yake, akainua mkono wa kwanza.

"Na wewe, dada?" Povu akauliza.

Dada akaita ajenda iliyofuata. Azimio lilikuwa limeshapita.

Mgomo ukaisha, glavu zikaja. Vijana wenyewe wakikutana na Povu njiani walimpokea kikapu na kumwita mama. Waliobaki na mgomo ni wastaafu, maana mstaafu akishapata kazi haiachi. Nyumbani ikawa kusemeshana kupitia paka. "Paka," Povu husema, "mwambie mwenye cheo chumvi imekwisha." Na Mwenyekiti humjulisha paka kwamba chumvi iko nyuma ya unga, kwa mwenye macho. Paka akanawiri kwa heshima aliyopewa. Mashuka kila mtu alikunja lake, ncha zikiburuzika vumbini.

Msicheke sana. Povu alikuwa akigonga beseni, akiangusha sufuria, akikohoa kikohozi cha uongo, ili dada yake ajisahau amwambie neno. Na Mwenyekiti neno alikuwa nalo mdomoni kila siku, akilimeza. Aombe radhi kwanza, alijiambia.

Alasiri moja mkutano ulikuwa sebuleni kwa Mwenyekiti. Waliyojadili ni kuwajulia hali wanachama wagonjwa. Uani beseni likagonga ukuta. Likanyamaza. Likagonga tena, polepole.

Mzee Bomba akatega sikio. "Mwenyekiti, kuna mtu huko."

"Ni yule, anatafuta kusemeshwa. Hila zake nazijua toka anaota meno. Tuendelee."

Wakaendelea. Beseni likagonga kidogo, likaacha. Wakapitisha kwamba mgonjwa yeyote asiachwe peke yake, kisha wakasimama wakaitikia kama kawaida yao: mshikamano, daima.

Mwenyekiti alipotoka kumwaga majani ya chai alimkuta Povu chini ya kamba, shuka limemfunika nusu, mdomo umekwenda upande, vidole vingali kwenye beseni.

"Povu. Mdogo wangu. Sema nami."

Midomo ikatikisika, neno halikutoka. Daktari alisema ni kiharusi, na kwamba lau angewahishwa kidogo... Hakumaliza, na Mwenyekiti hakumwomba amalizie.

Povu yu hai, ila hasemi. Wastaafu walikuja wote. Mzee Bomba akasimama kando ya kitanda akatangaza kwamba azimio limefutwa kwa kauli moja, na kwamba ndugu yetu sasa anaruhusiwa kusemeshwa. Povu akageukia ukutani.

Siku hizi Mwenyekiti anasema kutwa: ya chumvi, ya paka, ya radhi anayoiomba yeye. Asubuhi anafua mashuka ya mgonjwa, yakikauka anamwekea ncha kwenye ule mkono mzima.

"Shika, mdogo wangu, tukunje."

Mkono hauna kasoro, daktari kaupima. Povu anaishika ncha, anamtazama dada yake, halafu anaiachia.

FUNZO

Chama ni kitu kizuri, na kustaafu si kufa. Endeleeni kusimama langoni na wanaoonewa. Lakini asiwepo wa kuwapitishia azimio la kumnyima ndugu yenu salamu, na likipita, livunjeni mkiwa jikoni kwenu, hakuna atakayewaona. Mkono mnaouinua mkutanoni ndio huohuo mtakaorudi nao nyumbani. Na mkisikia kishindo, msikae kubishana kama ni hila. Mkikuta ni hila, mtagombana baadaye, tena kwa raha, maana wote wawili mtakuwa na ulimi.

Haya, inukeni. Mmoja akaangalie uani.