Chokaa Juu ya Njano

"Unafungua huo mlango, au niuvunje mimi?"

"Dada, si nimekwambia leo ni sikukuu?"

"Sikukuu ndiyo siku yenyewe. Mwaka mpya, maisha mapya. Leta ufunguo."

Dada mkubwa alikuwa amesimama kwenye korido, kopo la rangi ya kijivu mkono mmoja, mkono mwingine kiunoni. Ni mtu mwenye moyo mzuri sana, ila moyo wenyewe unatembea na filimbi kama refa. Asubuhi hiyo alikuwa amesharusha kwenye kundi la familia picha ya jua linachomoza, na maneno ya kuanza upya chini yake. Sasa alikuwa amekuja kuyatekeleza kwenye nyumba ya mdogo wake.

Mdogo wake ni fundi cherehani, na Januari ndiyo msimu wake. Sare za shule zilikuwa zimeteka sebule nzima. Kaptula kwenye kochi, sketi kwenye meza, kola zimening'inia mpaka kwenye kitasa cha dirisha. Pa kukaa hapakuwepo. Na hapohapo ndani ya nyumba kulikuwa na chumba kizima kitupu, kimefungwa.

"Cherehani inahamia humu," alisema dada. "Kuna dirisha kubwa, kuna mwanga. Wewe unakunja mgongo kule sebuleni, chumba kinaliwa na buibui. Unamngoja nani aje akae humu?"

Swali lilishatoka. Dada mwenyewe alilisikia likianguka, akauma mdomo.

"Nisamehe, mdogo wangu. Sikukusudia."

"Ufunguo uko juu ya kabati."

Chumba kile kilikuwa cha mtoto. Mume wa huyu mdogo mtu ni fundi rangi, na mtaa mzima unamwita Fundi tu. Tumbo la mkewe lilipoanza kuonekana, alinunua rangi ya mafuta ya njano, ile nzuri inayong'aa, akakipaka chumba huku akiimba vibaya. "Akichora ukutani tunafuta tu," alikuwa akimwambia kila aliyeingia. Kuanzia siku hiyo akaacha kumwita mkewe jina lake, akawa anamwita Mama Kijacho. Majirani wakalidaka. Hata muuza duka akawa anasema, "Mama Kijacho, leo nikupe nini?"

Mtoto alizaliwa. Hakulia.

Mama alipotoka hospitali, alikwenda moja kwa moja kwenye chumba kile kabla hata ya kuvua viatu. Alikuta kuta nyeupe pe. Fundi alikuwa amezipaka peke yake wakati mkewe bado amelazwa, asije akarudi akaikuta njano ikimsubiri. Alidhani anamsaidia. Ni kosa la fundi rangi, kudhani kila kitu kinapona ukikipitishia brashi.

"Umemfuta mwanangu," mkewe alimwambia.

Hakumwambia kingine. Naye Fundi hakujibu. Wakaanza kupishana kwenye korido kama wapangaji wasiofahamiana, mpaka siku moja Fundi akachukua begi lake na ngazi yake akahamia kwa mjomba wake. Lile jina nalo likakosa mtumiaji. Watu hawakujua wamwite nani tena. Wengine walisema "wewe", wengine "fundi", wengine walikohoa tu akageuka. Mwanamke huyu alizoea mengi, lakini hilo hakulizoea. Ilimuuma kuwa mtu asiyeitwa.

Na kesho yake, tarehe mbili, kulikuwa na kikao. Wazee wa pande zote wangekuja, wangekunywa chai, halafu ndoa ingevunjwa kwa heshima. Yeye mwenyewe ndiye aliyekiomba. Alitaka mwaka uanze akiwa mtu mpya, asiyedaiwa machozi na mtu.

Tangu asubuhi simu yake ilikuwa imejaa heri za mwaka mpya, zile za kunakili ambazo hata koma hazijabadilishwa. Aliyemtakia heri wa kwanza kabisa ni kampuni ya simu. Ujumbe mmoja tu, wa Fundi, ndio haukunakiliwa:

"Heri ya mwaka mpya. Kesho nitakuja na mjomba. Sitapinga lolote utakalosema."

Aliusoma, akauacha, akarudi akausoma tena. Mwisho akajibu: "Sawa. Nawe pia."

"Haya," dada alisema baada ya mlango kufunguka. Yeye mwenyewe hakuvuka kizingiti, aliingiza kichwa tu. "Osha kuta kwanza, rangi mpya ipate kushika. Mimi nakwenda kuchukua brashi nyumbani, nikirudi tunaanza. Umesikia?"

"Nimesikia."

"Na usikae ukawaza. Kuwaza hakujawahi kuosha ukuta."

Akaondoka na nyumba ikanyamaza. Kwa jirani kulikuwa na muziki, kulikuwa na vicheko, kulikuwa na mtoto anakataa kuvalishwa shati. Mwanamke alisimama katikati ya chumba na ndoo yake ya maji, akajihisi mgeni ambaye hakualikwa popote. Alichovya kitambaa, akakikamua, akaupitisha mkono ukutani mara moja.

Kitambaa kilirudi cheupe kama unga. Na pale kilipopita, ukuta ulikuwa wa njano.

Alidhani macho yake yanamchezea. Akapitisha tena. Njano ikaongezeka, inang'aa vilevile, utadhani imepakwa jana. Ile nyeupe ilikuwa inatiririka kwenye kiwiko chake, inadondoka sakafuni.

Ajabu ni kwamba kilichompanda kwanza ni hasira. Mume wake, fundi ambaye watu walimpigia foleni, ambaye alikuwa anarudia ukuta mzima kwa ajili ya tone moja lililoganda, kazi ya kumzika mtoto wake aliilipua! Akachukua simu kwa mkono uleule wenye chokaa.

"Haloo? Mama Ki..." Fundi akalimeza lililobaki. "Haloo."

"Hivi wewe una nini na mimi?"

"Kumetokea nini?"

"Hata kunipakia ukuta ulishindwa kunipakia vizuri? Ukuta mzima umenitokea mkononi! Za watu unapiga msasa, unapaka mara mbili mara tatu. Ya kwangu ndiyo ukaona uilipue?"

Upande wa pili kikombe kiliwekwa mezani.

"Fundi! Si naongea na wewe?"

"Umeuosha?" Sauti yake ilikuwa imebadilika.

"Nimeufuta kwa kitambaa cha maji. Kitambaa tu!"

"Na njano?"

"Ipo."

"Imechubuka?"

"Haijachubuka. Ipo kama ulivyoipaka." Hapo yeye mwenyewe akasita. "Kwa nini unauliza hivyo?"

Upande wa pili ulisikika mlango ukifungwa, kama mtu amejitenga na watu.

"Ile ni chokaa," Fundi alisema. "Chokaa haishiki juu ya rangi ya mafuta. Hilo analijua hata anayejifunza kushika brashi. Nilikuwa na kopo la nyeupe ya mafuta palepale miguuni pangu. Ningeipaka ile, usingeiona njano tena mpaka ubomoe nyumba. Sikuweza. Nikatoka nikaenda kununua chokaa."

"Ulijua itatoka?"

"Nilitaka itoke. Siyo siku ile. Siku utakayokuwa tayari, ushike kitambaa umkute alipo."

Mwanamke aliteleza na ukuta mpaka akakaa chini.

"Na ukanyamaza. Nikakuita mfutaji, ukanyamaza. Ukabeba ngazi yako ukaondoka, umenyamaza! Mdomo ulikuwa umeukopesha nani?"

"Ningekwambia siku ile, ungeiosha siku ileile, na kidonda chako hakijafunga."

"Hiyo siyo sababu. Niambie sababu."

Fundi alivuta pumzi.

"Mimi ndiye niliyekuwa siwezi kuiona," akasema. "Wewe uliniambia nimemfuta, na mimi nikajua ni kweli nusu. Nilimfunika kwa ajili yangu. Niliona haya. Mwanaume gani anaogopa ukuta?"

"Mimi sikukuona ukilia hata siku moja."

"Nililia humo ndani. Chokaa ilinisaidia. Kila aliyeniuliza macho yamefanya nini, nilimwambia chokaa imeniingia."

Muziki wa jirani uliendelea. Mwanamke alifunika mdomo kwa mkono, akalia kilio ambacho alikuwa amekificha hata kwa dada yake, hata kwa mto wake. Mwaka mzima alikuwa amejihesabu kuwa mfiwa peke yake. Kumbe ng'ambo ya mji kulikuwa na mwenzake, anapaka nyumba za watu na kusingizia chokaa.

"Njoo," alisema.

"Kesho nakuja na mjo..."

"Fundi, njoo sasa hivi. Mjomba mwache."

Jua lilikuwa bado liko juu aliposikia sauti mlangoni.

"Hodi."

Alipiga hodi kwenye mlango alioupaka mwenyewe! Mkewe alifungua, wakatazamana. Fundi alikuwa amekonda. Zamani walikuwa wakigombana kila jioni kwa sababu ya viatu vyake vya kazini, namna alivyokuwa akiingia navyo mpaka jikoni. Leo alivivua nje, akavipanga vizuri, akabaki amesimama na soksi kama mtu aliyekuja kuomba kazi.

"Karibu ndani."

"Ahsante."

Alifika kwenye chumba kidogo, akakwama mlangoni.

"Siwezi kuingia."

"Mimi nilishindwa mwaka mzima. Shika hiki." Akamwekea kitambaa mkononi. "Wewe anzia dirishani, mimi namalizia huku."

Walifuta. Kulisikika maji tu na vitambaa. Fundi alikuwa akifuta taratibu, kwa viganja, kama anayemwosha mtu. Njano ilipofika usawa wa kifua chake, mabega yake yakaanza kutikisika.

"Chokaa imekuingia?" mkewe alimuuliza.

"Hapana," alisema. "Nalia."

"Basi lia. Na mimi nipo."

Akaja akasimama karibu naye, mabega yakagusana, wakalia wakiwa wameuelekea ukuta. Hawakuambiana kwamba yamekwisha, maana hayakuwa yamekwisha. Chumba kilikuwa kitupu bado, na kingebaki kitupu hata wangelia mpaka kiangazi.

"Nikuite nani sasa?" Fundi aliuliza. "Huwa napiga simu kichwani, nakwama kwenye kukuita."

Mkewe alifikiri.

"Hilo la Kijacho liondoe. Mama liache. Alikuja, Fundi. Hakukaa, lakini alikuja."

"Mama," alisema Fundi, polepole, kama anaonja.

"Abee."

Hapo ndipo mlango wa mbele ulipogongwa na kufunguliwa kwa wakati mmoja, na dada mkubwa akaingia na brashi zake, kilemba amekifunga kikazi.

"Nimechelewa, wale wanangu bwana, mtu ukitaka kutoka ndiyo kila..."

Aliona viatu mlangoni. Aliona shemeji yake amelowa mpaka kwapani. Halafu akaziona kuta.

"Jamani." Akaweka kopo la kijivu chini. "Jamani, ilikuwa ipo?"

"Ilikuwa ipo, dada."

"Na maisha mapya je? Si tulikubaliana?"

"Sitaki mapya," mdogo wake alisema. "Nataka yaleyale, na huyuhuyu. Ila safari hii asilie mtu amejifungia."

Dada aligeuka kwa shemeji yake, akamtazama kutoka nywele mpaka soksi. Alikuwa na hotuba aliyoiandaa tangu mwaka jana, kali, yenye vituo. Akaiacha.

"Sasa kikao?" aliuliza kwa sauti ndogo. "Wazee wanakuja kesho. Niwapigie niwaambie wasije?"

Mume na mke waliangaliana. Fundi akamwashiria mkewe kwa kichwa aseme yeye. Mke ndiye aliyesema.

"Waambie waje, dada. Chai ipo palepale. Waje humu ndani wakae watupe pole. Mimi walikuja kunipa hospitali nikiwa peke yangu, na Fundi hakuna aliyemkumbuka. Tukiwa wawili, hatujapewa pole mpaka leo."

Dada mkubwa hakuitafuta filimbi yake. Alivua viatu, akavuka kile kizingiti ambacho naye alikuwa akikiogopa, akakunja mikono ya gauni lake.

"Kitambaa kingine kiko wapi?"