Kulwa Wawili Katika Orodha

Jumatatu moja asubuhi, karani Deogratias alikuwa akifuta vumbi kwenye kompyuta ya zahanati yao mjini Bariadi. Mara mwanamke asiyemjua akasimama mlangoni. Kichwa chake kilikuwa kimenyolewa. Aliegemea fimbo. Nyuma yake msichana mdogo alikuwa akikohoa.

"Mwangaluka," mgeni alimsalimu kwa Kisukuma.

"Mwangaluka, mayu," Deogratias alimwitikia kama mama yake. "Karibu uketi."

Hakuketi. "Naitwa Nyamizi, natoka Kasoli. Nauliza kitu kimoja tu. Mbona hamkuja?"

Zahanati ile ilitibu kifua kikuu. Mgonjwa alifuata dawa kila Jumatatu kwa miezi sita. Akikosa, mhudumu alimfuata nyumbani kwa pikipiki. Orodha ya waliokosa aliitoa Deogratias.

"Nilivunjika mguu," alisema Nyamizi. "Baba yao alikuwa na pamba Maswa, anazunguka kwa wanunuzi. Nikamwambia mwanangu, tulia, watu wa zahanati watakuja. Akawa anakaa njiani tangu asubuhi. Wiki saba. Mwezi uliopita tumemzika."

"Jina lake, mayu?"

"Kulwa Maige."

Deogratias alitazama orodha. Kulwa Maige alikuwa mmoja tu, wa kijiji cha Ngulyati. Ndipo akakumbuka. Mwezi wa tano aliona jina hilo mara mbili. Alidhani ameliandika kwa kurudia, akafuta mstari mmoja.

"Mayu," alisema, "nilimfuta mimi."

Nyamizi akamvuta msichana mbele. "Huyu ni Doto, pacha wake. Naye amepimwa, anaanza dawa leo. Na huyu mtamfuta?"

"Hapana. Akikosa hata Jumatatu moja, nitakuja mwenyewe, siku hiyohiyo."

Mchana alimweleza yote Philomena, muuguzi aliyesomea kompyuta Mwanza.

"Wewe Msukuma kabisa, unashangaa Kulwa wawili?" alisema Philomena. "Kila nyumba yenye mapacha ina Kulwa na Doto. Ita 'Kulwa!' mnadani, uone watakaogeuka!"

Deogratias hakucheka. Philomena akavuta kiti karibu.

"Sikiliza, mdogo wangu. Hili jedwali lako linaitwa lahajedwali. Kwa hesabu ni zuri. Ukitaka kujua vidonge vya mwezi mzima, linajumlisha upesi. Lakini halikuulizi kitu. Unaandika, linapokea. Unafuta, linanyamaza."

"Sasa tutumie nini?"

"Hifadhidata. Ni kama kabati la mafaili ndani ya kompyuta. Kila mgonjwa anapewa namba yake, na namba haitolewi mara mbili. Tutaipanga hivi: usipojaza kijiji na jina la mama, inakataa. Akija kuchukua dawa, tarehe inaingia kwenye namba yake, si kwenye jina. Asubuhi unaiuliza, nani hajaja?"

"Na lahajedwali tulitupe?"

"La hasha. Hesabu ya vidonge ibaki humo. Watu wahamie huku."

Waliandika majina upya kwa wiki mbili, wakilinganisha na kadi za karatasi. Waligundua wagonjwa wengine wawili waliopotea kwenye orodha. Mhudumu aliwakuta majumbani, wako hai, wakaanza tena dawa. Deogratias alifurahi, kisha akatoka nje akalia.

Mwezi wa kumi na moja aliitwa Mwanza kwenye usaili wa kazi nzuri. Usaili ulikuwa Jumanne asubuhi, na basi la mwisho lingeondoka Jumatatu saa tisa mchana. Jumatatu hiyo saa sita mchana aliiuliza hifadhidata. Ikajibu: Doto Maige, Kasoli, mama Nyamizi. Hajaja.

Pikipiki ilikuwa imekwenda Ngulyati.

"Wewe nenda zako Mwanza," alisema Philomena. "Mhudumu atakwenda kesho. Kazi kama ile hutaipata tena."

"Nilimwambia siku hiyohiyo, dada."

Alichukua dawa na baiskeli. Mvua ilikuwa imejaza mto, hapavukiki na mtoto. Alivuka maji yakiwa kiunoni, baiskeli begani. Alifika Kasoli jioni. Nyamizi aliyatazama matope yake, akaingia ndani, akatoka na kikombe cha maji. Doto alimeza vidonge kimoja kimoja, akaomba maji mengine.