Kikuza Mtandao Chumbani kwa Mama Mkwe

"Tii!" Mlio ulitoka gizani, chumbani kwa marehemu mama mkwe, ambako rafiki yangu mshonaji alikuwa amefunga kikuza mtandao, kifaa cha kusambaza mawimbi ya simu nyumba nzima, mchana ule. Ajuza yule alimchukia. Hakuwahi kumtaja jina, alimwita "wewe" mpaka akakata roho, na chumba hicho, pekee kilichoshika mtandao, alikitia kufuli ili mkwewe asiongee na mumewe aliyekuwa kazini mbali.

Sasa simu ikaita.

"Leo nakusikia vizuri, mke wangu," mumewe akasema. "Una mgeni?"

"Mgeni gani? Labda wasikia cherehani."

"Basi huyo anayekutukana hapo nyuma nani?"

Mshonaji akasimamisha cherehani, akasikiliza. Kitanda cha ajuza kikatoa mlio kama mtu anainuka, kisha sauti kavu ikamwita, taratibu, kwa jina lake.